Matairi Uliyotuma na Ufunguo wa Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, hajambo wifi yangu, hawajambo mapacha? Kile kikohozi kilichokuganda tangu baridi ianze kimekuachia? Kunywa vitu vya moto na uvae koti nililokushonea, hata kama mikono yake inakufika kwenye vidole. Sisi huku ni wazima. Goti langu linalalamika kama kawaida yake, lakini halijanizuia kukanyaga cherehani, na jana halikunizuia hata kucheza. Nilicheza uani mchana kweupe, majirani wakiniangalia. Soma hadi mwisho utajua kwa nini.

Mama ni mzima kuliko sisi sote. Hilo ndilo lililonikalisha niandike, maana kwenye simu ungenikatiza.

Bila shaka unakikumbuka kikao cha familia. Kaka Mkubwa, yaani Mwenyekiti wetu wa kudumu, alituweka sote sebuleni, na wewe ukawekwa kwenye spika ya simu juu ya kabati la vyombo. Akasema Mama asiendeshe tena. Gari linaguna kila likikata kona, linashtuka barabarani, linanuka mafuta ya kuungua, kwa hiyo Mama amezeeka, mguu umekuwa mzito, hajui tena anakanyaga nini. Na wewe ukasema, nayakumbuka maneno yako yote matatu, "Kaka ana hoja." Mama aliweka ufunguo mezani, akatoka kuanua nguo ambazo zilikuwa hata hazijakauka.

Hukuuona uso wake, mdogo wangu, mimi niliuona. Huyu ni mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa huu. Amestaafu, sawa, lakini uchungu ukimshika mtu kule kilimani, anayepigiwa simu ni yeye. Gari lile ndilo miguu yake. Linavuta magurudumu yote manne wakati wote, ndiyo maana lilikuwa linapanda ile njia ya tope wakati mengine yanateleza tu pale chini. Baada ya kikao chenu akawa mtu wa kuomba lifti. Asubuhi moja alikaa barazani na mkoba wake mapajani akimngoja Mwenyekiti ampeleke, na Mwenyekiti alipofika, mtoto alishazaliwa mikononi mwa shangazi yake. Bahati nzuri wote wawili salama. Mama alisema tu, "Alhamdulillahi," akarudisha mkoba ndani. Mimi ndiye niliyelia, nikajichoma sindano.

Nikamwambia Mwenyekiti aliendeshe yeye aone. Akaliendesha. Likaguna vile vile, likashtuka vile vile. Unajua alisema nini? Eti gari limeshazoea mwendo mbaya wa Mama! Nikaona huyu hawezekani.

Basi akaamua liuzwe. Akaniagiza nishone makava mapya ya viti ili mnunuzi asilione lilivyochoka. Nikachukua vifaa vyangu nikaenda kupima viti, na Mama akaja kukaa kiti cha mbele, kama mtu anayeaga. Halafu akaanza kuongea kikunga. Akasema mgonjwa akija, usimuulize tu anaumwa wapi, muulize ilianza lini. "Gari hili lilianza lini kuumwa?" Tukahesabu nyuma, msimu kwa msimu, harusi kwa harusi, mpaka tukafika siku ya zawadi yako.

Hapo nikupe pole kabla sijaendelea.

Siku ile ulipotuletea matairi mawili kwenye kontena la rafiki yako, tulipiga vigelegele. Unajua Marehemu Baba alivyotulea: zawadi ya mtoto haiwekwi stoo, inavaliwa siku hiyo hiyo. Ndiye aliyevaa ile kofia yako ya sufi mpaka kichwa kikatoka upele. Tukamwita fundi pancha, akaguna kidogo, akasema haya yamezidi ya mbele kwa urefu. Mwenyekiti akamjibu kwamba ringi imeingia, basi yanafaa. Tena ulikuwa umetutumia sauti kwenye simu, ukisema huko uliko magari ya maana yana matairi makubwa nyuma. Tukayafunga nyuma ili kila anayetufuata ajue tuna mtu ng'ambo. Mtu wa kwanza kuyapiga picha nilikuwa mimi.

Sasa nikashuka kwenye gari na tepu yangu. Haikuzunguka tairi, tepu ya fundi cherehani ni ya viuno vya watu. Nikachukua utepe wa pamba (si lastiki, lastiki ni mwongo), nikauzungusha tairi la mbele, nikatia alama ya chaki. Nikauzungusha la nyuma. Ile alama haikufika! Ilipungua kwa zaidi ya upana wa kiganja changu, na vidole vyangu unavijua. Mama akaangalia chaki, akaniangalia mimi, akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu kile kikao. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikivaa kwa vigelegele.

Tukamwita Fundi Masikio, yule wa giaboksi anayetega sikio kwenye boneti kama daktari. Alishatuambia tujiandae kufungua giaboksi nzima. Alipoona utepe akajipiga paji la uso, akasema, "Mimi nasikiliza kifua, kumbe ugonjwa uko miguuni!" Akatueleza vizuri kabisa. Magurudumu yale manne ni kama watu wanne waliobeba kitanda. Wawili wa nyuma wakiwa na hatua ndefu na wa mbele hatua fupi, wataenda, lakini kitanda kitavunjika katikati. Katikati ya gari kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kazi yake ni kusawazisha kwenye kona, lakini kwa matairi yetu ilikuwa inasawazisha safari nzima bila kupumzika, mafuta yanachemka, na ikifika kwenye kona yenyewe inakaza. Nikamuuliza kuhusu hayo magari yako ya maana. Akasema yapo, ila watengenezaji wameyapangia hivyo tangu kiwandani: upana wa tairi unazidi nyuma, lakini mzunguko wake unalingana na wa mbele. Au ni gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. La kwetu halimo kwenye hizo habari.

Jirani yetu mwalimu wa hesabu ana gari kama la Mama. Jana alituazima magurudumu yake yote manne, na Fundi akamwaga yale mafuta meusi akatia mapya. Tulikuwa tunakaza nati ya mwisho Mwenyekiti akaingia uani, na nani? Na mnunuzi.

Mama alitoka ndani amevaa viatu vyake vya kazi. Alimwendea Mwenyekiti akakinga kiganja, mpaka akapewa ufunguo. Akaingia, akakata usukani mpaka mwisho, akazunguka uani mduara mdogo, ule ambao zamani gari lilikuwa linapiga kelele kama linachinjwa. Akazunguka kulia, akazunguka kushoto, akarudi kinyumenyume. Tulisikia kokoto tu. Kisha akafungua mlango wa upande wa pili, akamwambia Mwenyekiti, "Panda, baba."

Walikwenda mpaka juu kilimani wakarudi. Mwenyekiti alishuka, akainama kuangalia matairi kana kwamba yatamsaidia. Mama akamuuliza, "Na mguu wangu je, bado mzito?" Akasema, "Nisamehe, Mama." Hakutafuta maneno mengine, na kwa hilo nampongeza, maana kwake si kazi ndogo. Mnunuzi akasema sasa ndiyo amelipenda zaidi. Mama akamwambia karibu chai, lakini gari haliuzwi. Hapo ndipo nilipocheza.

Fundi anasema difu imenusurika, tungechelewa kidogo tungeiokota barabarani. Leo asubuhi Mwenyekiti mwenyewe ameleta matairi manne mapya, saizi moja, na amekagua maandishi ya ubavuni moja moja kwa miwani.

Usihuzunike, mdogo wangu. Kutoa ni moyo, na zawadi yako bado haijaingia stoo. Matairi yako nimeyalaza barazani, nikayavika kile kitambaa cha makava ya viti, na mjamzito aliyekuja leo kumsubiri Mama ameyakalia na kuyasifu. Ila Mama anasema ukituma tena kitu chenye kuzunguka, uulize namba ya saizi kwanza. Na mkija Desemba msikodi gari. Atakuja kuwapokea mwenyewe, na wewe ukae mbele, usikilize kwenye kona, kisha umwambie kama Kaka ana hoja.

Nisalimie wifi, wabusu mapacha wote wawili kwa shangazi yao. Mwenyekiti na mkewe wanakusalimu, na Fundi Masikio anauliza huko mnaendesha nini.

Nilikuwa nafunga barua nikalazimika kuweka kalamu chini. Simu ya Mama imelia, kuna mtu kilimani. Amepita hapa na mkoba wake, akaniuliza, "Ufunguo wangu uko wapi?" Wangu, amesema. Nimesimama dirishani nikalisikia gari likielekea pale kwenye kona kali, nikatega sikio. Kimya. Limepinda, limekwenda.

Mungu awalinde huko mliko na awarudishe salama mikononi mwa dereva wetu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapokosea saizi,

Dada Sindano