Kinara wa Chumba cha Kufulia

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani, na goti la Mama linaendeleaje? Mimi mzima, ila nanuka sabuni mpaka masikioni.

Mhadhiri wetu wa mawasiliano ametuagiza kila mtu atafute kundi dogo la watu, akae pembeni atazame: nani anasema, nani anakatizwa, neno la nani linafuatwa. Wenzangu wamekimbilia kamati za wanafunzi. Mimi nimekwenda kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwa wanawake sita wanaofua na kukunja mashuka. Msimamizi wao amenikubalia, na mwisho ndiye atakayetia sahihi kwamba nilikuwepo. Bila sahihi hakuna maksi, na bila maksi sihitimu mwaka huu.

Kinara wao nimeshamjua. Wanamwita Spika. Anaanza kuongea akivua viatu mlangoni, ananyamaza akivivaa kurudi kwao. Kazi nyepesi hii, Baba.

Mwanao,
Kitindamimba

11 Machi

Mwanangu Profesa,

Marahaba. Sisi hatujambo. Goti la mama yako linamsumbua, ila akialikwa kwa dada yake linapona lenyewe.

Umefanya vyema kwenda kwa watu wa kazi. Mimi nimekuwa nyapara wa ujenzi tangu hujazaliwa, na nikitaka zege limwagwe kwa wakati namfuata yule mwenye mdomo, basi. Wengine watafuata. Kwa hiyo umepatia. Maliza, chukua sahihi, uhitimu. Mama yako ameshautangazia mtaa mzima.

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini mu wazima. Mimi mwili mzima, moyo ndio umechafuka.

Nilikosea kuhusu Spika. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Kila mmoja anashika pembe zake, wanalivuta, kisha wanasogeleana. Juzi mmoja wao aliumwa, nikapewa nafasi yake. Tulikuwa tukikunja huku wanajadili jambo moja: msimamizi anataka kuwagawa wawili wawili, kila jozi na zamu yake, wasikutane tena. Spika akawa anasema tujaribu tu, hakuna ubaya. Mimi nikadhani limekubaliwa, nikasogea na pembe zangu. Mwenzangu hakusogea. Nikajikuta katikati ya chumba, shuka linaburuta, nimesimama kama mjinga, na wengine wote wamekaza mashuka yao wanamtazama mmoja ambaye hakuwa amefungua kinywa. Spika naye akamtazama, akageuza maneno palepale: “Ndiyo maana nasema hatukubali!”

Leo msimamizi ameniita ofisini. Anajua wanamgomea, hajui nani anawaongoza. “Umekaa nao. Nitajie, nimhamishe, nikutilie sahihi yako.” Nikamwambia sikuja kwa kazi hiyo. Akafunika kalamu, akaitia mfukoni.

Sitamtaja, Baba. Nimetaka uyasikie kwangu kwanza.

Mwanao

9 Aprili

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Hao umewajua mwezi mmoja, mimi nimekulea tangu ulipokuwa unatambaa. Kuulizwa nani anaongoza si dhambi. Mimi huuliza pale saiti kila kukicha. Huyo mama anahamishwa, hafukuzwi. Wewe ndiye unayepoteza mwaka mzima kwa ukaidi. Nenda, mtaje, rudi na sahihi. Sikuombi, nakuamuru.

Baba yako

14 Aprili

Baba,

Shikamoo, hata kama umekasirika.

Sikwenda, na siendi. Waliniacha nikae pembeni yao kwa sababu walinichukulia kama mtoto wao. Wakinipa chai, wananipa na kigoda. Nikitoka hapo nikawauze, hiyo elimu nitaipeleka wapi? Unikasirikie tu, nitavumilia.

Nami nakuuliza, kwa heshima zote: ukiuliza pale saiti nani anaongoza, vijana wako wanakuonyesha kinara kweli, au wanakuonyesha Spika wao?

Mwanao asiyesikia

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Hujanijibu, naandika hivyo hivyo. Mama ameniambia kwa simu kwamba u mzima ila umenuna.

Msimamizi alichoka kuuliza akakisia mwenyewe. Akamhamisha Spika, akapige deki korido za wodi. Nilimfuata nikilia, nikamwambia ni kwa sababu yangu, ningesema ukweli asingeguswa. Akaegemea fagio lake akacheka. “We msichana, unadhani naropoka bure? Kazi yangu ni kupiga kelele, wasimwone mwenzangu. Kama wamenibeba mimi, basi kazi nimeiweza.”

Kesho yake wale watano waliobaki wakashika mashuka, wakakaza, wakasimama. Mmoja hakuwa na mwenzake. Akashika pembe zake hivyo hivyo, upande wa pili uko sakafuni. Wodi zikaishiwa mashuka. Daktari mkuu akashuka mwenyewe, akauliza kuna nini, wakamwonyesha kwa macho lile shuka lililoko sakafuni. Baada ya siku chache Spika akarudishwa, na habari ya zamu mpya hatuisikii tena.

Mimi sahihi sikupata. Narudia mwaka. Ninaumia, nisikudanganye, lakini sijuti hata kidogo.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu Profesa,

Marahaba. Sisi wazima, na kununa nimeacha.

Nilinyamaza kwa sababu ya swali lako. Juzi nikawaita vijana wa zege, nikawauliza, nani kinara wenu hapa? Wote wakamwonyesha yule mropokaji, kwa pamoja, upesi mno, kama waliofanya mazoezi. Nikakaa kwenye mfuko wa saruji nikacheka mpaka machozi. Miaka yote hii najiona mjanja!

Rudia mwaka. Mama yako anautangazia mtaa upya, na atakayekucheka aje aseme mbele yangu.

Ila mimi ni baba yako, na siwajui watu hao hata kwa sura. Ninong'oneze tu: ni nani yule?

Baba yako

8 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mbele ya wanawake sita, wakacheka wakaangusha mashuka. Mwambie Mama usingizi uliokuwa umenipotea umerudi.

Kuhusu swali lako, Baba: nakupenda, nakuheshimu, na wewe ni nyapara. Sikwambii. Nimemuuliza Spika nikujibu nini. Anakusalimu sana, na anasema kinara ni yeye.

Mwanao,
Kitindamimba