Salehe, Naondoka Kasongo

Mume wangu Salehe,

Salamu zikufikie huko uliko. Mimi mzima, mji ndio unaumwa. Tangu juzi tunasikia mizinga ya adui ng'ambo ya mto Lualaba. Majirani wanafunga mizigo na kuondoka bila kuagana. Mbwa wao wamebaki uani, wanalia mchana kutwa.

Ungekuwa hai ungewasha kiko chako cha bangi na kusema, "Hao wako mbali." Kwako kila kitu kilikuwa mbali. Mtoto wetu alipokufa kwa ndui nilikuita tumwoshe pamoja. Ulikaa nyuma ya nyumba, moshi umekufunika, ukaniangalia kama mpita njia. Matanga hayajaisha, ukajiunga na msafara wa pembe za ndovu kwenda Kabambare. Nami sikula. Nililala na kanzu yako mpaka uliporudi.

Nilipochoka nikaenda kwa mama yangu, kule Lusangi. Ukanifuata. Ukalala mlangoni pake, hugusi chakula, midomo imepasuka. "Zaina, bila wewe nitakufa." Nikarudi nawe, nikicheka njia nzima. Lakini tulipofika nyumbani haikupita wiki, ukahamia tena kule nyuma na kiko chako. Ndivyo tulivyoishi, Salehe. Nikikusogelea unakwenda, nikienda unakuja.

Homa ilipokulaza nilidhani sasa utasema nami. Nilikushika mkono. Ukauliza kama mvua imekata njia ya Kabambare, basi. Hukumtaja mtoto. Wala mimi.

Eda imekwisha, na bado kila jioni nakutengea wali. Asubuhi nakuta sahani tupu. Labda ni panya. Sijataka kuchungulia.

Jana kaka yangu Kitenge alifika kutoka Lusangi. Aliiona sahani, akauliza ni ya nani. Nilipomwambia, alikaa chini. Kisha akasema vijiji vya ng'ambo vimechomwa, na watu wa huko hawajulikani walipo. Akasema leo tunaondoka, na nikikataa atanibeba. Nikamuuliza wewe utabaki na nani.

"Dada, huyu mutu alikuacha peke yako angali mzima."

Niliichukua ile sahani, nikaiosha.

Leo alfajiri nimefagia kaburi lako na la mtoto. Kanzu yako nimempa mzee wa msikitini, maana yeye hawezi kukimbia. Sasa Kitenge ananiita, mizigo iko kichwani, na upande wa mto mbingu imekuwa nyeusi, na si mvua. Sijui kama huko Lusangi tutakuta nyumba imesimama.

Buriani, Salehe. Naahidi kukuombea kila Ijumaa, wewe na mwanetu. Lakini sitakungoja tena mlangoni, wala sitakutengea chakula popote nitakapolala. Nikisikia hatua nyuma yangu njiani, sitageuka.

Safari hii usinifuate.

Zaina