Siku Cindy Aliponinyima Mpira

Gitothua,
Ruiru.
8 Juni 2025

Mpendwa kaka Nicanor,

Pokea salamu zetu sote. Yale maumivu ya mgongo yameisha, ama bado unamkwepa daktari? Huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Lenny wangu ameng'oka jino la pili na anamwonyesha kila mtu, hata asiyeuliza.

Sasa nikupe habari inayonifanya nitabasamu peke yangu nikifua nguo.

Unakumbuka timu yetu ya mpira wa vikapu. Mimi nina miaka thelathini na saba, na wenzangu wote ni wasichana wadogo wanaoniita auntie. Kwa hiyo mpira ulikuwa wangu. Aliyeupata alinitafuta mimi kwanza, kama vile mgeni anavyotafutiwa kiti. Sitakuficha, niliona ni haki yangu.

Mwezi wa tatu tulipata kocha mpya, Kisilu, mtu wa Witeithie, mpole sana, hajui kufoka. Alitutazama mazoezi mawili, kisha akaniita kando.

"Selpha, hawa wasichana wanakuheshimu mpaka tunapigwa."

Kaka, nilinuna wiki nzima! Alitaka mpira uende kwa yeyote aliye wazi, na mtu asikae nao zaidi ya sekunde mbili. Wasichana walijaribu, wapi. Cindy, anayesoma chuo kikuu pale Juja, alikuwa anasimama peke yake chini ya kikapu, halafu ananirudishia mpira mimi niliyezingirwa. Kocha akimuuliza, anajibu, "Sasa nitampita auntie aje?" Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi moyoni. Tulipoteza mechi nne hivyo.

Jana tulicheza ya mwisho, huko Thika. Tukishindwa, tunashuka daraja. Zilibaki sekunde sita, tuko nyuma kwa pointi moja, na mpira uko kwa Cindy. Niliinua mikono yote miwili nikamwita kwa nguvu. Wapinzani wawili wakanikimbilia mimi, maana hata wao wanajua mpira wetu huishia kwa nani. Cindy alinitazama usoni kabisa. Kisha akageukia kikapu, akaruka, akatupa.

Uliingia bila kugusa chuma.

Watu walipiga nduru, mimi nikabaki nimesimama mikono ikiwa juu, machozi yananitoka. Nimecheza na mtoto huyu miaka miwili na sikujua ana kitu kama kile ndani yake. Ningejuaje, na mimi ndimi niliyekuwa nimemziba?

Wenzake walipomshusha mabegani alikuja kwangu ameinamisha kichwa. "Auntie, pole. Haki sikukupea." Anaomba msamaha, na ametuokoa sisi sote! Nilimkumbatia mpaka akalalamika.

Kaka, wewe ndiwe uliyenifundisha kuomba mpira, nyuma ya jiko la mama. Jana niliuomba kwa sauti yangu yote, nikanyimwa, na sijawahi kufurahi hivyo.

Msalimie sana wifi Jentrix. Naye Becky mwambie aendelee na mazoezi, mkija Desemba tucheze timu moja. Akiona shangazi yake ameinua mikono, atazame kwanza kama nimezibwa.

Mungu awalinde huko mliko na awarudishe nyumbani salama.

Mimi dada yako akupendaye siku zote,
Selpha