Baba Kanisifu kwa Kufungua Maji

Jumapili, alasiri. Mlima umejifunika tangu asubuhi na mvua yenyewe haishuki. Wingu limekaa tu pale juu kama mgeni asiyesema alichofuata.

Leo baba yangu amenisifu. Nina miaka thelathini na mbili, na sifa hiyo nimeisubiri tangu nikiwa darasa la tatu. Imekuja siku ambayo natamani ardhi ipasuke nitumbukie.

Nianze na baba mwenyewe, maana wengi mnaonisoma kutoka mjini hammjui. Baba ni mwenyekiti wa mfereji wetu hapa kijijini Akheri. Najua mtacheka. Msicheke. Maji yanashuka kutoka mlimani, yanapita kwenye mashamba ya watu, na yeye ndiye anayesema leo yageukie kwa nani. Kahawa, migomba, mboga, ng'ombe, wote wanasubiri neno lake. Alikalia kiti hicho kabla sijazaliwa. Uchaguzi upo, tena wa kunyoosha mikono, yeye akiwa amesimama mbele anamtazama mmoja mmoja. Hajawahi kushindwa. Akiwa hayupo, watu humwita Mtukufu.

Na mimi ndiye mrithi.

Nilianza kufundwa mapema. Jumamosi wenzangu wakienda kwenye mpira, mimi nilikuwa nyuma ya baba tukiupanda mfereji, ananionyesha kila mchepuko wa maji kwenda shambani na mwenye nao. Huyu ana mdomo. Huyu ana kijana wake wizarani, usimguse. Huyu akikusalimia mara mbili, ujue ana shida. Chuo cha kilimo alinipeleka ili watu waseme mtoto wa mwenyekiti ana elimu. Nilipomaliza nilikaa mjini miaka sita, nauza mbegu na dawa za mimea kwenye duka moja Kaloleni, najidanganya kwamba nimetoroka. Magoti yake yalipoanza kumsumbua, alinipigia simu mara moja tu, nikafunga mabegi.

Wala sikubishana.

Wiki mbili zilizopita, kwenye kikao, Mwalimu alisimama. Nikisema Mwalimu namaanisha mama aliyenifundisha kusoma na kuandika. Sasa ni mstaafu, mjane, anaishi kwa kitalu chake cha miche ya kahawa. Aliuliza kwa upole kabisa: kwa nini kwa mwenyekiti maji yanafika mara mbili kwa wiki, na kwa wengine mara moja? Baba akamshukuru kwa swali zuri. Tulipofika nyumbani akanipa jembe.

"Kafunge kwa Mwalimu," akasema. "Nenda wewe mwenyewe, usitume kibarua. Watu wakuone."

Nikaenda. Nilikata kigogo cha mgomba, nikakilaza kwenye mdomo wa mchepuko wake, nikakandika udongo na majani mpaka halikupenya hata tone. Niliifanya kazi ile vizuri, na hilo linaniuma hadi sasa. Nikiwa namalizia, Mwalimu akatoka na ndoo yake. Nikamwamkia shikamoo, miguu yangu ikiwa ndani ya maji yake.

"Marahaba, mwanangu. Umeshakunywa chai?"

Nikasema nimekunywa. Sikuwa nimekunywa chochote.

Jana ulikuwa uchaguzi. Baba alitangaza kwamba anapumzika, na kwamba jina ni moja, la kwangu. Mikono ikanyooka. Niliutafuta wa Mwalimu nikiomba Mungu uwe chini. Ulikuwa juu kama mingine. Siku zote hizo miche yake ilikuwa inanyauka, angefanya nini? Mkono usioweza kuukata, ubusu. Methali hiyo alitufundisha yeye mwenyewe, tukaiimba darasa zima, na sikuwaza kwamba siku moja mkono wenyewe ungekuwa wangu.

Leo alfajiri nikaenda kufungua.

Hapo labda mtanipigia makofi. Subirini kwanza. Nilikwenda kama mwizi wa kuku, kwa kunyata, bila tochi, nikiomba mbwa wasibweke. Mwenyekiti aliyechaguliwa na mikono yote ya mfereji alikuwa anamwogopa mzee mwenye magoti mabovu aliyelala. Nikang'oa kigogo, maji yakapita, nikakimbia kunawa miguu ili nionekane sijatoka nje.

Baada ya ibada ukafuata mnada, kama kila Jumapili. Vitu walivyotoa waumini vinanadiwa nje ya kanisa, na ukinunua unaweza kumzawadia mtu mbele ya watu wote. Mwalimu akapigania mkungu wa ndizi mpaka akaupata. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya darasani:

"Huu nampa Mzee wetu, kwa moyo wake wa huruma. Leo nimeyaona maji."

Watu wakashangilia. Baba hakuwa na habari hata kidogo. Alinigeukia, akanitazama muda mfupi, akaelewa. Kisha akaupokea mkungu kwa mikono miwili na kumbariki Mwalimu.

Njiani akanishika bega. "Kufunga anaweza mtu yeyote," akasema. "Kujua siku ya kufungua, huo ndio uongozi. Sasa umeiva."

Nikafurahi.

Nimeona niliandike hilo kabla sijapata ujanja wa kulificha. Nilifurahi kweli, moyo ulinijaa kama wa mtoto aliyepewa soda. Aibu ilikuja baadaye, nyumbani, mama alipozipika ndizi za Mwalimu na nyama na mimi nikaongeza sahani ya pili. Nilidhani nimemwibia baba amri yake, kumbe nimemkamilishia. Yeye alimfungia, mimi nikamfungulia, na mama wa watu akaja kutushukuru kwa maji ya Mungu.

Nimefikiria kwenda kumwambia Mwalimu kwamba ni mimi niliyefungua, baba hakujua. Lakini huko nako ni kwenda kudai mkungu wangu.

Kesho Jumatatu ni zamu yetu, ile ya pili kwa wiki, aliyoiulizia kwenye kikao. Daftari la zamu sasa liko kwangu. Nimefuta jina letu kwenye Jumatatu nikaandika la Mwalimu, kwa wino, na kesho kutakapopambazuka nitaugonga ukurasa huo kwa msumari kwenye mti wa pale maji yanapogawanyika, kila mtu ausome. Baba bado hajui. Nikimfikiria akiusoma, natamani kuuchana.

Ndiyo maana naandika hapa kwa jina langu. Wapo watu wa Akheri wanaosoma ukurasa huu. Jamani, mkipita kesho mkakuta maji yako kwetu, siku nyingine nikisimama mbele yenu msininyooshee mikono.