Tanzia ya Maegesho

Gorna Cheshma, Bulgaria

Kaka Rumen,

Sisi wazima, na mlozi wa bibi umechanua. Hasira yangu tu ndiyo hailali.

Ofisi ya mji ninayofanyia ukarani imewapa wageni wa hoteli vibali vya kuegesha vya mtaa wetu. Gari linalompeleka bibi kusafishwa damu hukosa pa kusimama, naye hulisubiri kwenye baridi, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hata mbwa hawekwi hivyo.

Majirani wamelalamika hadi wamechoka. Jana wakabandika tanzia mlangoni pa ofisi, kama tunavyowabandikia wafu wetu, yenye ukingo mweusi na picha ya barabara yetu: "Kwa majonzi tunatangaza kifo cha maegesho yetu, yaliyouawa humu ndani."

Bosi Dragiev akaniita pale mlangoni. "We binti, bandua uchafu huo."

"Samahani, bosi. Tanzia haibanduliwi. Huachiwa mvua na upepo."

"Hii ni ya uongo."

"Basi ibandue wewe."

Unajua nilivyo mwoga, kaka, lakini nilimjibu hivyo. Bosi akanyoosha mkono hadi ukaigusa karatasi. Bi Zlatka, jirani yetu, akasema kutoka barabarani, "Bandua, mwanangu. Tutaleta nyingine yenye picha yako."

Mkono ukarudi mfukoni.

Kesho naitwa kujieleza, na huenda nikafukuzwa. Bibi asijue. Tanzia bado ipo mlangoni, na redio inasema hakutanyesha wiki nzima.

Mdogo wako,
Kalina