Jicho langu moja na maji ya mto

Jumanne. Mvua tangu asubuhi, bati linapiga kelele, na mimi nina hasira.

Mmetoka wapi, ninyi mnaonisoma? Tangu niseme naenda kuwekewa dawa ndani ya jicho, hakuna hata mmoja aliyepita hapa kuuliza: Mama, unaona? Nikisimulia lituma, ndizi zetu za kuponda, na samaki wa moshi mnakuja, mnacheka, mnaenda. Bon, sawa. Kaeni. Mkisimama mlangoni mnaniziba mwanga.

Mimi nasema, binti yangu Anita anaandika. Shule sikuikanyaga. Mdomo ninao.

Ugonjwa wa sukari uliniharibia nyuma ya macho, kule ndani kabisa ambako picha inashikwa. La kushoto lilizimika polepole na sikujua, kwa sababu la kulia lilikuwa likifanya kazi ya mawili bila kunung'unika. Siku niliyojua, la kushoto lilikuwa limekwisha kufa.

Nimebaki na moja.

Ndani ya hilo moja, wiki chache zilizopita, dokta aliingiza kijiti kidogo, chembamba kuliko punje ya mchele. Kinakaa mle kikitoa dawa taratibu kwa miezi, halafu kinayeyuka chenyewe. Aliniambia, kisha akarudia kwa Anita: asisugue jicho, asitie kitu ambacho sikumpa, maji ya mto hapana mpaka nimwone tena. Likiuma, likizidi wekundu, mwanga ukilichoma au kuona kukififia, aje siku ileile. Na hata akijisikia vizuri arudi tupime presha ya jicho, maana dawa hii inaweza kuipandisha, na presha haipigi hodi.

Nilisikia vizuri. Masikio yangu hayana sukari.

Sasa, Jumamosi tuliondoa matanga ya mdogo wangu, ng'ambo ya mto, Lubunga. Kwetu sisi watu wa mto, ukoo wetu wa Isangi, mjane hatoki kwenye kilio mpaka dada mkubwa wa marehemu aingie naye majini asubuhi. Unamnawisha uso, naye anakunawisha wako. Usipofanya hivyo, mauti yanabaki mabegani mwake, na watu watasema ni wewe uliyemwachia.

Dada mkubwa ni mimi. Mjane ni Véro. Namgombeza kila siku, na nampenda kuliko baadhi ya watoto niliowazaa.

Nikasema mbele ya wote kwamba uso wangu haunawishwi. Likenge, kitindamimba wetu, ndiye aliyeshika sherehe. Akapandisha sauti: "Yaya, dada yangu, maji ya mto ndiyo ilituzaa. Leo unaiogopa?"

"Ilizaa hata mamba. Naye nimuweke ndani ya jicho?"

Wanawake walicheka. Likenge hakucheka.

Niliingia mpaka magotini, nikamnawisha Véro. Zamu yake ilipofika, alilitazama jicho langu, akainama, akashika mikono yangu, akaiosha mpaka viwikoni. Akasema, "Mikono hii ilimulisha bwana yangu wakati hakuweza tena kukamata kijiko. Inatosha."

Nililia. Machozi yanaruhusiwa, niliuliza.

Halafu furaha ikatuharibia. Baada ya kunawa, wanawake hupiga maji kwa viganja na kurushiana, kilio kimekwisha, vigelegele. Nilikuwa nimegeuka kutoka. Maji yalinipata usoni, jicho likiwa wazi.

Saa sita mchana lilikuwa linawaka. Mwanga unachoma.

Chakula kilikuwa hakijapakuliwa. Kwetu, dada wa marehemu akiondoka kabla ya chakula cha siku ile, amemtemea marehemu mate. Likenge akasema ningoje. Shemeji mmoja akamvuta binti yake anayenyonyesha, amkamulie Mama maziwa jichoni, ndiyo dawa ya wazee. Binti wa watu alikuwa amekwisha fungua blauzi.

"Hiyo maziwa iko ya mutoto," nikamwambia. "Mupatie mutoto."

Nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia miguu. Véro, na kitenge chake kipya chenye ndege waliochorwa, kile cha kutokea kwenye kilio, akaingia nami kwenye mtumbwi.

Mjane aliacha sherehe yake mwenyewe.

Hospitalini, siku ileile, dokta alimulika, akatazama sana mpaka nikataka kumpiga. Kisha akasema maji yaliniwasha tu, ndani hakuna microbe, hakuna kijidudu. Nikashusha pumzi. Akapima presha. Akapima tena.

Iko juu. Siyo maji, ni dawa yenyewe. Nami sikuwa nimesikia kitu. Donc, yaani, kilichonipeleka hakikuwa hatari, na kilichokuwa hatari hakikuniita.

Alinipa matone ya kuishusha. Véro, aliyebaki hapa kwangu, ndiye anayeyatia. Ananawa mikono, anashusha ukope, ncha ya chupa isiguse kitu. Akikawia namtukana, anacheka, tone linaanguka mahali pake.

Likenge hajapiga simu. Ng'ambo wanasema nimemkanyaga marehemu. Waseme. Marehemu alinijua.

Kesho wanapima tena. Ikiwa haijashuka, sijui. Dokta alisema kuna dawa nyingine, lakini aliposema hivyo alikuwa akitazama kalamu yake.

Kila asubuhi namsimamisha Véro karibu na dirisha, natazama kitenge chake. Leo nimewaona ndege. Macho ya ndege sikuyaona. Juzi niliyaona. Ni mvua imekula mwanga, au ni mimi?

Naogopa. Haya, nimesema.

Na ninyi, mkirudi hapa msiniletee pole. Kabla ya kunisalimia, ziba jicho moja kwa kiganja, tazama mlango wa nyumba yako. Kisha ziba la pili. Halafu uje uniambie kama mlango ni uleule.