Maman Nsimire ametupa shamba

Nyalukemba, Jumamosi, siku ya posho

Ametukubalia, na mimi bado siamini.

Maman Nsimire, mkubwa wa wamama wanaolima kule Kabare, alikuwa ametukataa mara mbili. Club yetu ya wanafunzi wa agronomie, elimu ya kilimo, ilimwomba kipande kidogo tu cha kujaribia maharagi mapya. Alitujibu: “Munakuyaka na makaratasi, munatupiga foto, munaenda. Maharagi yenu inabakia mu foto.”

Leo asubuhi tulirudi shambani kwake, na prezida wetu, Bahati, akaanza tena kumsomea karatasi ya projet kwa Kifaransa. Niliona haya. Jembe lilikuwa limelala pale karibu. Nikaliokota, nikaingia kwenye mustari wa Maman Nsimire, nikalima.

Naye akachukua jembe lingine, tukalima pamoja mpaka saa sita. Ndipo akasema: “Unalima mubaya. Lakini haukukaa chini.” Akahesabu hatua kumi kando ya migomba yake. “Hapa ni penu. Na ni wewe utakuya kupalilia, hapana ule wa viatu vyeupe.”

Bahati mwenyewe aliangalia viatu vyake, akacheka mpaka akashika magoti.

Naogopa pia. Mbegu zisipoota, wamama wote watasema ni mimi, na watakuwa na haki. Lakini kesho kutwa tunapanda!

Nilipofika nyumbani, maman yangu alinishika mikono, akaangalia malengelenge. “Mimi nilikimbia jembe kule Kabare ili wewe usome,” akasema.

“Maman, ni hiyo ndiyo ninasoma.”

Akaniuliza ni maharagi ya namna gani.